Usitupe Bahasha: Namna ya Kukusanya na Kufaidi Vijarida vya Safari

Kijarida cha kwanza nilichonunua kilikuwa na kurasa 20, pini mbili zilizoshika kutu, na habari za mtu aliyepanda basi Chicago kwenda El Paso huku jino likimuuma. Dola 3. Hakikunielekeza hoteli wala mgahawa. Kilinieleza jinsi bibi wa kiti cha pembeni alivyofungua mkoba, akatoa karafuu moja na kumwamuru aiume. Mimi mtoto wa Tanga, nimesimama kwenye theluji, nasoma habari za karafuu ndani ya basi la Texas. Nikanasa.

Vijarida hivi mtu huandika, huchora, hutoa kopi, hubana pini na kuuza mwenyewe, bila mhariri wala mchapishaji. Hapa Chicago vina umri mkubwa: The Comet, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha mashabiki wa hadithi za kisayansi, kilitoka mji huu mwezi Mei 1930. Wenyewe huviita zines, kipande cha mwisho cha neno magazine. Nilijaribu kuliswahilisha nikapata "zini", kisha nikamwambia mama kwenye simu kwamba Jumamosi naenda kwenye tamasha la zini. Alinyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Tangu siku hiyo nasema vijarida.

Nimevikusanya miaka kumi na moja sasa. Haya ndiyo ninayoyafanya, kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Jiwekee mpaka

Ukisema unakusanya kila kijarida, baada ya mwaka utakuwa na rundo tu. Chagua kitu ambacho hukichoki. Vya safari peke yake ni bahari: wapo wanaotembelea makaburi, wapo wanaodandia treni za mizigo, yupo niliyemkuta anachora vyoo vya stesheni. Dishwasher, kijarida cha Pete Jordan kilichovuma miaka ya 1990, kilisimama juu ya nia moja: kuosha vyombo kwa mshahara katika kila jimbo la Marekani, yote 50. Ni cha kazi au cha safari? Vyote viwili, na ndiyo maana kinasomeka.

Mpaka wangu mimi ni mabasi na treni. Ndege siweki. Mtu wa ndege huanza kuandika akishafika, nami nataka ya njiani.

Hatua ya 2: Nenda kwenye meza

Kama mjini kwenu kuna duka la vitabu linalopokea kazi za watu binafsi, anzia hapo. Chicago ni Quimby's, lililofunguliwa 1991, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Damen ya treni za Blue Line. Watunzi huleta kopi chache na kuziacha kwa mali kauli, zikiuzwa ndipo wanalipwa fungu lao. Kwa hiyo rafu haitulii. Ulichokiacha leo ukisema utakirudia, huenda usikikute tena.

Tamasha ni bora zaidi, kwa kuwa mtunzi mwenyewe yuko nyuma ya meza. Chicago Zine Fest lilianza 2010 na ndiko nilikojifunza adabu za mambo haya. Beba noti ndogondogo, dola 1 na dola 5. Ukimpa mtu noti ya 50 kwa kijarida cha dola 3 umemtia taabu. Salimia kabla ya kushika. Fungua kurasa mbili tatu, usikisome chote umesimama halafu ukakirudisha. Usipige picha za ndani. Na badala ya kuuliza "kinahusu nini", jambo lililoandikwa juu ya jalada, muulize hiyo safari aliifanya lini na nini hakukiandika. Mara nyingi jibu lina uzito kuliko kijarida chenyewe, na ukifika nyumbani liandike.

Inashauriwa kuzunguka meza zote mara moja kabla ya kununua. Ushauri mzuri, mimi sijawahi kuufuata.

Hatua ya 3: Agiza kwa posta, na utunze bahasha

Watunzi wengi huuza kwa posta. Andika barua fupi: wewe ni nani, umekipata wapi jina lake, unataka toleo lipi. Tuma malipo kwa njia anayotaka yeye. Kama yuko nchi uliyopo, mwekee na bahasha yenye stempu na anwani yako, ili kujibu kusimgharimu kitu.

Sasa kosa langu. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nachana bahasha kwa kidole, natoa kijarida, bahasha naitupa. Vijarida vingi havina tarehe. Vingi havina jina kamili. Anwani imeandikwa nyuma ya bahasha na si pengine popote. Leo nina vijarida zaidi ya thelathini ambavyo sijui vilitoka mji gani wala nani wa kumshukuru. Kimoja ni kizuri kuliko vyote nilivyonavyo: safari ya usiku ya treni, mwandishi akisikiliza watoto wawili wakibishana kwenye kiti cha nyuma, kurasa nane tu. Mtunzi wake simjui na sitamjua.

Kata bahasha upande mmoja kwa kisu. Toa kijarida, soma barua, kisha kila kitu kikae pamoja.

Hatua ya 4: Kama uko Dar, Mombasa au Bujumbura

Nauli ya posta inaweza kuzidi bei ya kijarida mara kadhaa. Mwombe mtunzi akuuzie faili la PDF lililopangwa tayari kwa kuchapa. Wengi watakubali, wengine watakupa bure ukiwaeleza uko wapi. Kisha peleka kwenye flashi steshenari ya mtaani.

Hapa ndipo watu huharibu. Mwambie kijana wa mashine maneno haya: "Mbele na nyuma, igeuze upande mfupi, usipunguze ukubwa." Akigeuza upande mrefu, kila ukurasa wa pili utatoka kichwa chini. Kabla hajatoa zote, mwambie atoe karatasi moja na uikague. Kijarida cha kurasa 16 kinatokana na karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati, na namba za kurasa mbili zilizo bega kwa bega kwenye uso mmoja wa karatasi lazima zitimie 17: 16 na 1, 2 na 15, 14 na 3. Ikiwa hazitimii, mpangilio umekosewa, usilipie.

Kubana pini bila stepla ndefu ni rahisi. Kunja karatasi zote pamoja, zifunue, zilaze juu ya kipande cha boksi nene huku jalada likitazama juu. Fungua mkono wa stepla, kichwa chake kikae juu ya mkunjo, gonga. Pini itazama kwenye boksi. Bandua taratibu, geuza, laza miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Rudia upande wa pili. Vidole vyako vitachomwa mara moja, halafu utakuwa umejua.

Hatua ya 5: Soma kama mgeni wa mtu

Kimoja kwa wakati mmoja. Ukisoma vitano kwa mkupuo, abiria wa kitabu hiki atahamia kwenye basi la kile. Mimi hufungua ramani kando na kufuata kwa kidole; kutoka Chicago hadi Emeryville, California, treni ya California Zephyr inakwenda zaidi ya saa 50, na mtunzi aliyeandika kurasa sita kuhusu Nebraska na nusu ukurasa kuhusu milima ya Colorado amekuambia alilala wakati gani.

Usikitumie kupanga safari. Bei zimekufa, basi limebadilisha njia, mgahawa umefungwa. Ukitaka nauli ya leo, ipo kwenye simu. Nisomapo natafuta kile mwenye kitabu cha mwongozo angekikata: jino bovu, ugomvi wa dirisha, aibu ya kukosa chenji. Kijarida kisicho na hata kimoja cha hivyo, chenye picha nzuri tu za machweo, huwa nakigawa.

Hatua ya 6: Kiandikishe, na ukipe umri

Nunua kaunta buku. Nimejaribu programu za kompyuta, nikarudi kwenye daftari kwa sababu halidai nywila. Andika tarehe kilipofika, jina, namba ya toleo, jina la mtunzi kama anavyojiita mwenyewe, mji ulio kwenye mhuri wa posta, ulikipataje (kununua, kubadilishana, zawadi), na sentensi yake ya kwanza. Sentensi hiyo itakusaidia kuliko jina: vijarida vinavyoitwa "Safari" au "Barabara" havihesabiki.

Kisichokuwa na tarehe, mgeukie shahidi wetu, bahasha. Kwa barua za ndani ya Marekani, stempu ya barua ya kawaida yenye senti 29 ni bei ya 1991 hadi 1994. Senti 32 ni 1995 hadi 1998. Senti 33 ni 1999 na 2000. Senti 34 ilianza 2001, na senti 37 ilishika katikati ya 2002 hadi mwisho wa 2005. Kuanzia 2007 zikaingia stempu za Forever, zisizoandikwa bei, na hapo umebaki na mhuri. Angalia lakini: stempu hukuambia bahasha haikutumwa kabla ya mwaka fulani. Haikuambii haikutumwa baadaye, maana watu humalizia stempu za zamani miaka mingi. Bahasha ikiwa haipo, tafuta ndani: tangazo la onyesho, nauli iliyotajwa, anwani ya baruapepe au kukosekana kwake.

Jina la utani liache kama lilivyo. Ukigundua jina halisi la mtunzi, hilo ni lako na yeye. Wala usikipige skani ukakirusha mtandaoni bila ruhusa; mtu aliyeandikia watu 40 anwani ya nyumba yake mwaka 1996 hakuwa anaandikia dunia nzima.

Hatua ya 7: Hifadhi

Fupi, lakini usiiruke. Visimame kwenye boksi imara kama mafaili, visilale kwa rundo. Raba bendi hapana, selotepu hapana, lamineti hapana kabisa. Andika kwa penseli.

Mifuko ya plastiki chagua ya polipropilini au poliesta. Ile laini yenye harufu ya viatu vipya ni PVC, na nayo iliniliza: niliweka kumi na viwili humo, nikasahau boksi karibu na hita kipindi chote cha baridi, nikitoa kimoja maandishi yakabaki yameng'ang'ania plastiki, karatasi nyeupe. Wino wa mashine ya fotokopi huganda kwenye PVC. Vilivyochapwa kwa mashine za Riso, zile zinazochapa kama stensili, navyo huacha rangi, wino wake haukauki sawasawa, kwa hiyo weka karatasi nyeupe kati ya kimoja na kingine. Tiketi na risiti za mashine zilizobandikwa ndani hufutika zenyewe. Zitolee kopi mapema.

Kwa hali ya hewa ya Pwani, boksi lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta wa nje. Vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, tia viwili vitatu. Fungua boksi kila mwezi siku kavu, ukague mende na mchwa kabla hawajakukagua wewe.

Hatua ya 8: Tengeneza chako, uanze kubadilishana

Vijarida bora nilivyonavyo sikuvinunua. Mezani ukiuliza "unabadilishana?" ukiwa na chako mkononi, mazungumzo yanageuka. Na usiniambie kuandika safari ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo Selim bin Abakari anasimulia kwa Kiswahili alivyofika Urusi na Siberia.

Anza na karatasi moja. Ilaze kwa upana, ikunje mara tatu, kila mara nusu kwa nusu, uipate vipande vinane, kisha ifunue. Ikunje tena mara moja tu, kushoto juu ya kulia. Kata kwa mkasi kuanzia upande wa mkunjo, ukifuata mstari wa katikati, uishie kwenye mstari unaoukata. Fungua, ikunje kwa urefu, shika ncha mbili uzisukume zikutane. Katikati patafunguka kama mdomo wa kifaranga, kisha kurasa zitajifunga zenyewe kuwa kitabu. Usihangaike kukariri ukurasa upi unakaa wapi. Tengeneza kwanza kimoja kitupu, andika namba 1 hadi 8 kwa penseli, kikunjue, na hapo una mchoro wako.

Changu cha kwanza kilihusu basi la Tanga kwenda Dar: wauza machungwa wa Muheza wakimenya huku wanakimbia sambamba na dirisha, na chenji yangu ya shilingi 500 iliyobaki Muheza. Kurasa nane, kopi 40. Nilimtumia mama mmoja wa Minnesota ambaye kijarida chake cha mabasi nilikipenda. Alijibu baada ya miezi saba. Bahasha aliyotumia ilikuwa ile ile niliyomtumia mimi, ameibandua kwenye gundi, akaigeuza ndani nje na kuibandika upya, stempu yangu sasa iko ndani. Kwenye daftari nimeiandika mara mbili, ya kwenda na ya kurudi.