Kabla hujalipia begi la safari za nje

Begi la safari huanza kufa pembeni, si katikati. Kwenye vibanda vya mafundi wa mabegi Kariakoo kazi ni zile zile: tairi limeng'oka, zipu inaachia nyuma ya kichwa chake, mkono wa kuvutia umegoma kushuka. Ganda lenyewe mara nyingi bado zima. Lakini dukani mnunuzi hutazama rangi, mng'ao na bei. Kwa mtu anayekwenda Guangzhou, Dubai au Istanbul mara nne au tano kwa mwaka, kutazama huko ndiko kunakomfanya anunue begi jipya kila mwaka.

Namba zije kwanza, maana ndizo zinazoamua ukubwa. Mashirika mengi ya ndege yanahesabu mzigo kwa vipande: daraja la kawaida, begi moja lisizidi kilo 23, na urefu, upana na kina vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Matairi na mikono vinaingia kwenye hesabu. Begi linaloitwa la inchi 28 huwa na urefu wa sentimita 75 hivi. Likiwa na upana wa 50 na kina cha 30, jumla ni 155, uko salama. Ukifungua ile zipu ya kuongeza nafasi, kina kinapanda kwa sentimita 4 au 5 na umeshavuka. Kwa hiyo nenda dukani na futi ya fundi nguo, na upime begi likiwa limesimama juu ya matairi yake. Lebo nyingi hupima ganda peke yake.

Uzito wa begi tupu nao ni mzigo. Begi la kilo 5 limekula zaidi ya sehemu ya tano ya kilo zako 23 kabla hujaweka hata shati. Kwa ukubwa wa kati na mkubwa, kilo 3.5 hadi 4.5 ni kiwango kizuri; begi kubwa likiwa chini ya kilo 3, jiulize kilichopunguzwa ni nini, kwa kawaida ni unene wa ganda au wa mabomba ya mkono. Begi la kupanda nalo ndani ndilo lenye hesabu kali zaidi. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian huruhusu kilo 7 daraja la kawaida, Turkish Airlines kilo 8, na vipimo vyao havilingani. Sanduku gumu la mkononi lenye kilo 3.5 linakuachia nusu tu. Mwenye kompyuta na chaja zake atahudumiwa vizuri zaidi na begi la mgongoni lisilofika kilo 1.5.

Mfanyabiashara mwenye haki ya vipande viwili asishawishike na dubwana la inchi 32. Linapita sentimita 158, na nafasi yake humfanya mtu alijaze mpaka lipite kilo 32, uzito ambao mashirika mengi hayapokei kwa begi moja hata ukilipia, kwa sababu kuna binadamu wa kulinyanyua. Mawili ya inchi 26 yanafanya kazi bora. Shangazi kaja nayo ina heshima yake: ni nyepesi mno, inakunjika, na kurudi na nguo inatosha kabisa. Ila ihesabu kuwa ya safari moja, na usiweke ndani yake chochote kinachovunjika.

Sasa matairi, na hapa usikubali kuharakishwa. Katoni ya maji yenye chupa 12 za lita moja na nusu ina kilo 18. Iweke ndani ya begi la kilo 4 na unakaribia uzito halisi wa safari. Mwambie muuzaji, "Bosi, naomba katoni ya maji nilivute hili kidogo." Likiwa tupu, kila begi linateleza. Toka nalo nje, kwenye zege na ukingo wa baraza, kwa sababu juu ya vigae vya duka hakuna tairi baya. Livute kwa matairi mawili, kisha yote manne, kisha lipandishe ngazi moja. Sikiliza mlio wa kugonga na angalia kama tairi linainama kwenda ndani. Halafu lilaze na uzungushe kila tairi kwa kidole: lenye beringi huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa, lisilo nayo husimama karibu papo hapo. Hilo la pili ni plastiki inayosugua chuma, na kwenye mwendo mrefu hupata moto, shimo lake likapanuka, tairi likaanza kuyumba mpaka likang'oka.

Swali la matairi mawili au manne lina jibu linalotegemea njia yako. Manne huteleza vizuri uwanja wa ndege, na mgongo unapumzika. Lakini yamechomoza nje, kwa hiyo begi linapotupwa yanapokea kishindo chote. Ukiunganisha Addis Ababa kwenda Guangzhou, begi limeshaingizwa na kutolewa kwenye ndege mara mbili kwa kwenda tu. Mawili makubwa, yaliyozama nusu ndani ya mwili wa begi, hayapendezi sana machoni ila hudumu, na yanahimili mawe ya mitaa ya zamani ya Istanbul pamoja na vumbi na mashimo ya kwetu kutoka kituoni mpaka nyumbani. Kwa safari nyingi, ushauri wetu ni mawili kwa begi kubwa na manne kwa la mkononi.

Liwe na mawili au manne, tazama yamefungwaje. Fungua zipu ya bitana kwa ndani ukague. Ukiona skrubu, fundi ataweza kubadilisha tairi kwa dakika chache. Ukiona ribiti, itabidi zitobolewe kwa drili, na kwenye ganda jembamba kila tobo ni mwanzo wa ufa. Kama bitana imeshonwa moja kwa moja bila zipu, fundi atalazimika kuichana kila anapotengeneza.

Mkono wa kuvutia upimwe kwa sumaku ndogo. Ikinata kwenye mabomba, hayo ni ya chuma, na kwa hewa ya chumvi ya Dar es Salaam chuma chembamba kilichopakwa rangi hupata kutu kwa ndani, kule ambako huoni, mpaka siku mkono unagoma kuingia. Sumaku isiponata, kwa kawaida ni aluminiamu. Uvute mpaka mwisho, utikise kulia na kushoto huku katoni imo. Kucheza kidogo ni sawa na kunasaidia usivunjike. Kucheza kwa kukutana chuma kwa chuma ni kasoro. Bonyeza kitufe mara ishirini. Kikinata hata mara moja, liache.

Zipu ina namba, mara nyingi imepigwa mgongoni mwa kichwa chake: 5, 8 au 10. Namba hiyo inakaribia upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Zipu kuu ya begi kubwa iwe 8 au 10; namba 5 iachie mifuko ya mbele. Jina maarufu kwenye kichwa peke yake si uthibitisho, kwa kuwa kichwa hubadilishwa kirahisi. Funga begi likiwa limejaa, kisha vuta pande mbili za zipu kwenye kona, pale inapokata. Ikifunguka meno hapo dukani, kwenye ndege itafunguka yote. Ujue pia kwamba zipu ya plastiki ya msokoto huweza kutobolewa kwa ncha ya kalamu hata kama vichwa vimefungwa kufuli, kisha ikafungwa tena bila alama. Ndiyo maana fedha, pasipoti, dawa na simu haviingii begi la chini, kufuli liwe zuri namna gani.

Kuhusu ganda, lebo zitakuambia aina ya plastiki: ABS, PC au PP. PC, yaani polikaboneti, ikigongwa huingia ndani na kurudi. ABS ni ngumu na ya bei nafuu, lakini hupasuka, hasa kwenye baridi kali. Bonyeza katikati ya ganda kwa vidole gumba viwili: likibaki na doa jeupe, plastiki imeshachoka pale ulipobonyeza. "PC+ABS" mara nyingi ni ABS iliyofunikwa utando mwembamba wa PC, basi usilipe bei ya PC kamili. PP ni nyepesi na hukunjika vizuri. Kwa kitambaa, poliesta ya 600D ni kiwango cha chini. Nailoni ya 1680D ni ya kazi nzito. Hiyo D hupima unene wa uzi, si wingi wa mishono, kwa hiyo geuza begi uangalie mishono ya kona na ya mikono. Sisi tungechagua nailoni nzito kwa anayesafiri kila mwezi, kwa sababu ikichanika inashonwa, ilhali ganda likipasuka kona halirudi.

Jambo ambalo wanunuzi wengi wa pwani hawaambiwi ni la unyevu. Matairi laini ya poliurethani, na ule utando wa ndani wa kitambaa unaozuia maji, huoza kwa joto na unyevunyevu hata begi lisipotumika. Begi lililokaa stoo miaka kadhaa linaweza kuonekana jipya huku utando wake unanata kwenye vidole. Tairi lisukume kwa ukucha: likitoa chenga au likibaki na shimo, ni la zamani. Kipimo hiki ndicho cha kwanza kwa begi la mtumba, ambalo huenda ganda lake ni zuri kuliko jipya la bei hiyo hiyo. Kama matairi peke yake ndiyo yameoza na yamefungwa kwa skrubu, punguziwa bei na ubadilishe. Na ukague mishono ya ndani kwa tochi, kunguni hujificha humo. Nyumbani usiliweke sakafuni. Liwekwe juu ya kabati, zipu wazi, likiwa limefutwa na kukaushwa, hasa wakati wa masika.

Begi lenye betri ndani liwe na betri inayotoka. Betri hiyo, sawa na pawabenki, hubebwa mkononi, na pawabenki isizidi 100 Wh (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) bila ruhusa ya shirika. Ya 20,000 mAh ina kama 74, inafaa. Anayekwenda Marekani achukue kufuli la TSA, ambalo wakaguzi wa usalama wa kule wana ufunguo wake, vinginevyo wana haki ya kulikata. Kwa alama, kipande kifupi cha kitenge kilichofungwa barabara kwenye mkono kinatosha. Mikanda mirefu hunasa kwenye mitambo. Ng'oa stika zote za safari iliyopita.

Mwisho dai risiti ya EFD na uipige picha, pamoja na begi lenyewe kabla ya kila safari, kwa sababu itakayothibitisha bei na hali yake ni hiyo. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania ni mwanachama, fidia ya mizigo ina ukomo wa SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria, kiwango kilichoanza Desemba 28, 2024. Shirika haliwajibiki kwa uharibifu uliotokana na kasoro ya begi lenyewe, na hapo tairi dhaifu linakuwa hoja yao dhidi yako. Ukilipokea limevunjika, andikisha ripoti kwenye dawati la mizigo kabla hujatoka ukumbini, tunza kipande cha tagi, kisha peleka malalamiko ya maandishi ndani ya siku 7. Kwa begi lililochelewa ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa.