Ukitaka kumlinda tajiri mtandaoni, anza na dereva wake

Ukipewa leo kazi ya kulinda simu na akaunti za mfanyabiashara mkubwa, mbunge au msanii, usiombe simu yake kwanza. Omba kuonana na watu wanaomzunguka: dereva, katibu muhtasi, mhasibu, dada wa kazi, na yule mpwa anayeposti Instagram kwa niaba yake. Mimi kazi hii naifanya Dar es Salaam. Nilianzia kwenye meza ya kutengeneza simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na siku hizi naitwa kwenye majumba ya Masaki, Oysterbay na Mbezi Beach. Karibu kila nyumba ninayoingia, simu ya bosi ni mpya, ya bei mbaya, na imesasishwa. Simu ya dereva imepasuka kioo, haina namba ya siri, na ndani yake mna picha ya pasipoti ya bosi, mahali watoto wanaposoma, na sauti za WhatsApp zenye ratiba ya wiki nzima.

Mdukuzi analijua hilo. Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton ya kuwania urais wa Marekani, alitumiwa barua pepe iliyojifanya imetoka Google, ikimtaka abadilishe nenosiri. Wasaidizi wake waliitilia shaka wakamuuliza mtu wa kompyuta wa kampeni. Yeye akajibu kwamba barua hiyo ni halali. Baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika kinyume chake. Kiungo kikabonyezwa. Kufikia Oktoba mwaka huohuo barua za Podesta kwa maelfu zilikuwa zinasomwa na dunia nzima kupitia WikiLeaks, tovuti ya kuanika nyaraka za siri. Mkubwa mwenyewe hakuhitaji kukosea chochote.

Kikao cha kwanza

Kaa na watumishi bila bosi kuwepo, kwa utulivu, na chai ikiwezekana. Uliza: nani anajua namba ya siri ya simu ya bosi? Nani anaingia kwenye barua pepe yake? Namba za uthibitisho za benki zinaingia kwenye simu ipi, na nani anaishika simu hiyo bosi akiwa kwenye mkutano? Nani ameacha kazi hapa, na aliondoka na nini?

Swali la mwisho ndilo linalotoa majibu mazito. Kwenye nyumba moja tulikuta kishikwambi cha katibu aliyeacha kazi zamani bado kinapokea kila barua pepe ya bosi. Katibu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kifaa alishampa mwanawe achezee michezo. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti ya Google au Apple, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, toa kila usichokitambua. Fanya hivyohivyo kwenye WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kazi hii haichukui hata nusu saa, na katika yote nitakayoyaandika hapa, hii ndiyo inayonifichulia mengi zaidi.

Kisha mlete bosi, na yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, awaambie watumishi kwamba atakayebonyeza kitu cha ajabu na kutoa taarifa papo hapo hatafukuzwa. Usikubali kumsemea. Dada wa kazi aliyetumiwa kiungo cha mzigo uliokwama bandarini, akakibonyeza, halafu akanyamaza hadi jioni kwa kuogopa kibarua kuota nyasi, amewapa wezi siku nzima. Angesema ndani ya dakika kumi, huenda pasingepotea kitu. Hofu ya watumishi ni tundu kubwa kuliko udhaifu wowote wa programu, na hakuna kifaa cha kuliziba.

Namba ya simu

Kwetu sisi namba ya simu ndiyo benki, ndiyo barua pepe, ndiyo WhatsApp. Anayeweza kuirudisha laini ya bosi kwenye kadi nyingine anapokea namba zote za uthibitisho. Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, alipokonywa akaunti yake Agosti 2019 kwa sababu namba yake ya simu ilihamishiwa kwa watu wengine. Kama yeye hakusalimika, mheshimiwa wako atasalimikaje?

Mpe bosi namba mbili. Ya kwanza ni ile inayojulikana na kila mtu, iliyo kwenye kadi za mwaliko na mabango. Ya pili isajiliwe kwa kitambulisho chake mwenyewe cha NIDA, dukani kwa mtandao husika, isitolewe kwa mtu yeyote, na itumike kwa benki peke yake. Usimruhusu aisajili barabarani kwa kijana wa mwavuli. Si kwamba vijana hao wote ni wabaya, lakini ule mchezo wa "haijasoma, weka kidole tena" ndio unaozaa laini ya pili kwa jina lako bila wewe kujua. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na zile asizozijua zifutwe. Kenya, mwenye laini ya Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isibadilishwe kwa wakala yeyote tu. Na ile namba ya pili ya bosi iongezwe salio na kutumika mara kwa mara, maana laini iliyolala miezi mingi hufungwa na kuuziwa mtu mwingine.

Halafu iondoe namba ya simu kwenye njia za kurejesha barua pepe. Badala yake tumia ufunguo wa usalama, kile kidude kidogo kama flashi kinachochomekwa au kugusishwa nyuma ya simu. YubiKey ndiyo inayojulikana zaidi. Uzuri wake ni kwamba ufunguo wenyewe hukagua anwani ya tovuti. Bosi akidanganywa akaingia kwenye ukurasa bandia wa Google, ufunguo haujibu, hata kama yeye mwenyewe ameshaamini. Namba sita za SMS hazina akili hiyo. Mtu akikupigia akiomba umsomee, utamsomea. Nunua funguo mbili kwa kila mtu: moja akae nayo, moja ifungiwe kwenye sefu. Kwa wenye Gmail, Google wana mpango maalumu wa ulinzi wa juu kwa watu wanaowindwa, uitwao Advanced Protection, na ni bure. Muunge humo.

WhatsApp nayo iwekee uthibitishaji wa hatua mbili, kwenye mipangilio ya akaunti. PIN isiwe tarehe yake ya kuzaliwa. Wikipedia inaijua tarehe hiyo.

Malipo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo fedha zinapopotelea.

Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ule ni wavu unaotupwa kwa watu wote. Kwa tajiri hawatupi wavu, wanamsoma kwanza. Wanajua ana kontena linakuja, wanajua jina la wakala wa forodha, wanajua yuko Dubai wiki hii. Kisha mhasibu anapokea sauti ya bosi, ni sauti yake kabisa, ikimwambia alipe haraka kwenye akaunti mpya. Mwaka 2019 mkuu wa kampuni moja ya nishati ya Uingereza alituma yuro 220,000 baada ya kupigiwa na sauti aliyoamini ni ya bosi wake wa Ujerumani. Mapema mwaka 2024 likatokea kubwa zaidi: mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, Hong Kong, aliingia kwenye mkutano wa video, akamwona mkuu wake wa fedha na wenzake, akalipa dola za Hong Kong milioni 200, yaani kama milioni 25 za Marekani. Wote aliowaona kwenye kioo walikuwa wa kutengenezwa na kompyuta.

Kwa hiyo sauti haitoshi. Video haitoshi. Andika utaratibu, usainiwe na bosi, ubandikwe ofisini kwa mhasibu. Akaunti mpya, au mabadiliko ya akaunti ya zamani, hayalipwi mpaka mhasibu akate simu, apige yeye mwenyewe kwa namba iliyohifadhiwa siku nyingi, na kupata jibu. Malipo makubwa yaidhinishwe na watu wawili kwenye mfumo wa benki. Kiwango mtakipanga wenyewe. Mimi huwashauri kiwe cha chini kuliko wanavyotaka. Familia nayo iwe na neno la siri, lisiloandikwa popote, la kuulizwa mtoto anapopiga akilia kwamba amekamatwa na anahitaji hela.

Utaratibu huu huvunjwa na bosi mwenyewe. Yuko uwanja wa ndege, ana haraka, anamfokea mhasibu: "Mimi ndiye nimekwambia, lipa!" Bosi wa namna hiyo anamfundisha mhasibu kumtii tapeli, maana tapeli naye hufoka hivyohivyo. Mwambie usoni, kwa heshima, lakini mwambie. Siku mhasibu atakapogoma kulipa hadi apige simu, bosi anatakiwa amshukuru mbele ya wenzake.

Nyumba

Kamera na ruta nyingi nazikuta na nenosiri la kiwandani, na fundi aliyezifunga bado anaona sebule na geti kupitia simu yake. Badilisha nenosiri, futa akaunti ya fundi, sasisha programu. WiFi ya wageni iwe kando na ya familia. Walinzi, mafundi na wageni wa harusi wapewe hiyo.

Picha na ratiba

Oktoba 2016 Kim Kardashian aliibiwa vito vya mamilioni ya dola chumbani mwake Paris, siku chache baada ya kuonyesha pete yake ya almasi mtandaoni. Mmoja wa washtakiwa aliwaeleza polisi kwamba ilitosha kutazama intaneti kujua kila kitu, hata saa anayofika Ufaransa. Hapa kwetu, Oktoba 11, 2018, bilionea Mohammed Dewji alitekwa alfajiri alipokwenda kufanya mazoezi kwenye hoteli moja Oysterbay, akaachiwa siku tisa baadaye. Sisemi kwamba alidukuliwa. Ninachosema ni kwamba mahali pamoja kwa saa ileile ni habari yenye thamani, na simu zetu huitangaza bure. Mwaka 2024 gazeti la Le Monde lilionyesha jinsi walinzi wa marais, akiwemo Macron wa Ufaransa, walivyofichua safari za wakubwa wao kwa kukimbia huku wamewasha Strava, programu ya kurekodi mazoezi na njia unayopita. Walinzi, si marais.

Basi: posti mkishaondoka mahali, kamwe msiposti mkiwa bado mpo. Programu za mazoezi ziwe za faragha, za bosi na za mlinzi. Zungumza na watoto mapema, kwa kuwaeleza na siyo kuwatisha. Sare ya shule kwenye TikTok inataja shule. Picha ya gari isionyeshe namba.

Programu za ujasusi

Wateja wengi huniuliza kwanza kuhusu Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israeli. Ipo, na inaweza kuingia bila wewe kubonyeza lolote. Mwaka 2019 watumiaji wa WhatsApp wapatao 1,400 walilengwa nayo. Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda, simu yake ilikutwa na alama za Pegasus mwaka 2021. Lakini ni silaha ghali, na wanunuzi wake ni serikali. Kama bosi wako ni mwanasiasa, anagombana na wakubwa au ana mikataba na dola, ichukulie kwa uzito: sasisha simu siku ileile sasisho linapotoka, washa Lockdown Mode, ile hali ya ulinzi mkali, kwenye iPhone, zima na uwashe simu kila siku, na Apple wakimtumia onyo la kulengwa, msilipuuze. Kama ni muuza vitenge wa jumla, rudi kwenye malipo.

Likishatokea

Tumia simu nyingine. Piga kwa mtandao wa simu waifunge laini, kisha benki, kisha toa vifaa vyote kwenye akaunti na kubadilisha nenosiri kwa kuanzia na barua pepe. Usiifute simu iliyoingiliwa. Piga picha za skrini, andika saa, nenda polisi mpate RB, yaani namba ya taarifa yenu, maana bila hiyo benki hazitawasikiliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu wezi hawa. Namba ya tapeli iripotiwe pia kwa 15040.

Kukiwa na vitisho vya picha za faragha, usilipe. Anayelipa mara moja huombwa tena. Tovuti ya StopNCII.org hutengeneza alama ya picha ndani ya simu yako bila picha yenyewe kutoka, na mitandao iliyojiunga nayo huizuia. Mkae karibu na mhusika usiku huo, asiachwe peke yake.

Na bajeti ikiwa ndogo, maana hata matajiri hubana wakifika hapa, nunua kwa mpangilio huu: funguo mbili za mhasibu, mbili za katibu, mbili za bosi, kisha simu mpya ya dereva yenye namba ya siri. Kamera za ziada zisubiri.