Eneokazi la Linux kwenye prosesa zisizozoeleka: pa kuanzia na panapokwama

Kompyuta nyingi za Dar es Salaam zina prosesa za Intel au AMD, ambazo Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, inaziita amd64. Lakini Debian 13 (trixie), iliyotoka Agosti 9, 2025, inatengenezwa pia kwa arm64, armhf, armel, ppc64el, s390x (kompyuta kubwa za IBM) na riscv64 (prosesa za RISC-V), hii ya mwisho ikiwa rasmi kwa mara ya kwanza. Anayetunza vifurushi (packages, yaani programu zilizofungashwa) vya eneokazi (desktop) anawajibika kwa watumiaji wa aina zote hizo. Kazi kubwa inawezekana kwenye laptop ya kawaida ya Kariakoo, bila kumiliki bodi hata moja ya RISC-V.

Anza na bando. Eneokazi zima ni mamia ya vifurushi, na utalisakinisha mara nyingi kabla hujamaliza. Weka apt-cacher-ng, inayohifadhi kila kilichokwishapakuliwa na kukigawa kupitia porti 3142. Kisha jenga kichumba cha chroot, yaani folda inayotumika kama mfumo mwingine wa Linux ndani ya wako:

```
sudo apt install apt-cacher-ng mmdebstrap arch-test qemu-user qemu-user-binfmt
sudo mmdebstrap --arch=riscv64 --variant=minbase --skip=cleanup/apt/lists trixie /srv/riscv http://localhost:3142/deb.debian.org/debian
sudo chroot /srv/riscv dpkg --print-architecture
```

Jibu likiwa `riscv64`, endelea. Ukipata `Exec format error`, kerneli haijaambiwa kwamba faili hizo ni za kumkabidhi QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine. Hakikisha qemu-user-binfmt imo, kisha endesha `sudo systemctl restart systemd-binfmt`.

Sasa pima kama eneokazi, kwa kuanzia Xfce, linakamilika, bila kupakua chochote:

```
sudo chroot /srv/riscv apt-get -s install task-xfce-desktop
```

Rudia kwa task-gnome-desktop na task-kde-desktop (maeneokazi ya GNOME na KDE), halafu jenga kichumba kingine cha s390x. Apt ikilalamika, usiishie kwenye jina la kwanza inalotaja. Fuata utegemezi hadi kifurushi cha chini kabisa kinachokosekana. Mara nyingi utafikia sehemu zilezile. GNOME Shell inategemea gjs, nayo gjs inategemea mozjs, injini ya JavaScript ya Mozilla; mozjs ikikwama, Shell nzima inakwama. Librsvg, inayochora aikoni za SVG, imeandikwa kwa Rust, kwa hiyo prosesa isiyo na kompaila ya Rust haipati toleo jipya. QtWebEngine imejengwa juu ya Chromium na inajengwa kwa aina chache tu za prosesa, ndiyo maana KMail inaweza kukosekana mahali ambapo Plasma, eneokazi la KDE, yenyewe inawaka vizuri.

Ukishajua kilichokatika, kata hapohapo tu. Kumnyima mtu Plasma yote kwa sababu ya programu ya barua pepe si haki. Tatizo ni kwamba kifurushi-mwavuli, kile kinachovuta vingine vyote, huwa kimeandikwa `Architecture: all`, yaani kinajengwa mara moja kwa prosesa zote, hivyo alama kama `[!s390x]` kwenye Depends (orodha ya vinavyohitajika lazima) haiwezi kutofautisha prosesa moja na nyingine. Una njia tatu: kibadilishe kiwe `Architecture: any`, hamishia kinachokosekana kwenye Recommends (vinavyopendekezwa tu), au toa mbadala, `programu-a | programu-b`. Ya pili ndiyo nyepesi, kwa kuwa Recommends isiyopatikana haizuii usakinishaji.

Ukiamua kuacha kujenga kifurushi kwa prosesa fulani, omba pia faili zake za zamani ziondolewe kwenye hazina kwa kuripoti dhidi ya kifurushi-bandia ftp.debian.org. Zikibaki, toleo jipya halitaingia testing, tawi linaloandaa toleo lijalo la Debian, na wa amd64 watasubiri pamoja na wengine. Kabla ya kuomba, kagua nani anakitegemea kwa `apt-cache rdepends`.

Kuna hitilafu unayoweza kuinasa bila hata QEMU. Kwenye amd64, `char` ya C inabeba namba hasi. Kwenye ARM, RISC-V, POWER na s390x, Linux huifanya isiwe na hasi. Msimbo unaoweka jibu la `getchar()` ndani ya `char` na kusubiri `EOF` (alama hasi ya mwisho wa faili) hautasimama kamwe huko. Jenga hivi kwenye laptop yako uone:

```
DEB_CFLAGS_APPEND=-funsigned-char dpkg-buildpackage -us -uc -b
```

S390x ina lake: inapanga baiti za namba kuanzia ile yenye uzito mkubwa (big-endian). Picha ikitoka na rangi zilizovurugika, tafuta msimbo unaosoma pikseli ya biti 32 kama baiti nne zilizopangwa.

QEMU ni ya polepole, na jaribio likishindwa kwa kuisha muda au kwa mambo ya nyuzi (threads), usiliamini mpaka lirudiwe kwenye mashine halisi. Ukipata bodi, ifunge kipoza joto na feni kabla ya kupima chochote, maana joto la Februari hapa huifanya prosesa ijipunguzie kasi na vipimo vyako vikadanganya. Kadi ya SD ipime kwa f3write na f3read. Zipo zinazotaja ukubwa zisiokuwa nao. UPS ndogo itaikinga umeme ukikatika katikati ya kuandika.

Mwisho endesha `glxinfo -B`, iliyomo kwenye mesa-utils. Ikionyesha llvmpipe, hakuna draiva ya grafiki inayotumika na prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Tumia Xfce, na uzime vivuli na uwazi wa madirisha:

```
xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false
```

Ikionyesha softpipe, hata LLVM, zana ya kompaila inayoharakisha uchoraji huo, haitumiki. Hapo kagua jinsi Mesa, maktaba ya grafiki, ilivyojengwa kabla ya kulaumu eneokazi.