Somo: Tengeneza benchi la kupimia kabureta ya pikipiki nyumbani

Hapa Dodoma kabureta nyingi zinatupwa zikiwa nzima. Pikipiki ikikohoa, ikizima kwenye sailensi (injini inaponguruma bila kuvutwa mafuta) au ikila mafuta, bodaboda anaambiwa "kabureta imekufa". Ananunua mpya, na siku chache baadaye ugonjwa unarudi palepale, kwa sababu shida ilikuwa kwenye valvu, plagi, au chujio la hewa lililojaa vumbi. Hiyo ni hela ya marejesho na ya chakula cha watoto inapotea.

Benchi hili linajibu maswali matatu tu. Je, pini ya floti, yaani ya kile kiboya kinachoelea ndani ya bakuli la kabureta, inafunga mafuta? Mafuta yanasimama kwenye kina chake? Njia ndogo ziko wazi? Kabureta ikifaulu yote, irudishe ukatafute ugonjwa kwingine.

Mahali. Fanyia nje, kivulini, asubuhi kabla upepo wa vumbi haujaanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa ambalo hata hulioni. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Moto wa petroli usiumwagie maji, utausambaza.

Fremu. Simamisha ubao mnene juu ya kitako kizito. Kwa wauza vyuma chakavu tafuta shingo ya kabureta (manifold) ya zamani, yaani kibomba kinachounganisha kabureta na injini, uifunge kwenye ubao kwa kipande cha engo. Kabureta ikae kwa mwelekeo uleule inaokaa kwenye pikipiki ikiwa imesimama wima. Zipo zinazolala kidogo, na ukiilaza vibaya vipimo vyote vitakudanganya. Tumia pima maji.

Tangi. Chukua galoni ya oili ya lita moja, ioshe na kuikausha vizuri, kisha funga koki ya pikipiki chini yake kwa washa inayostahimili petroli. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko, la sivyo mafuta yatatiririka kidogo kisha yagome. Itundike ili mafuta yawe kama sentimita 50 juu ya kabureta. Kwenye pikipiki nyingi kimo hicho ni kidogo zaidi, kwa hiyo pini itakayofunga hapa haitakuangusha barabarani. Unganisha kwa mpira wa mafuta na uweke chujio katikati.

Kupima pini. Fungua koki, bakuli lijae, uache nusu saa huku mpira wa kumwagia ziada ukiwa ndani ya chupa ya kioo. Tone lolote ndani ya chupa ni jibu. Toa pini uigeuzegeuze juani: kwenye ncha ya mpira ukiona mfereji mwembamba uliozunguka kama pete, imekwisha, badilisha. Ncha ikiwa haina mfereji, kosa huenda ni uchafu kwenye kiti chake. Safisha kwa pamba na dawa ya kabureta, usikwangue kwa bisibisi.

Kupima kina. Hapa ndipo benchi linapolipa gharama yake. Vuta mpira mweupe unaopitisha mwanga kutoka kwenye tundu la kumwagia mafuta chini ya bakuli, uupandishe ubavuni mwa kabureta, halafu legeza skrubu ya kumwagia. Mafuta yatapanda ndani ya mpira, yatachezacheza kidogo, kisha yatatulia. Pale yalipotulia ndipo yalipo ndani ya bakuli. Linganisha na mstari wa gasketi ya bakuli.

Kipimo sahihi kipo kwenye kitabu cha pikipiki husika. Usipokuwa nacho, tafuta kabureta ya aina ileile kutoka kwenye pikipiki inayokwenda vizuri, ipime, uweke alama kwa kalamu. Mimi naiamini alama hiyo kuliko namba ya kusimuliwa kijiweni. Kina kikizidi, pinda ulimi wa floti kidogo sana kuelekea kwenye pini ili ifunge mapema. Kikipungua, fanya kinyume. Kisha pima tena.

Njia ndogo. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ile inayopanga hewa na mafuta, ikaze taratibu mpaka igote huku ukihesabu mizunguko, uandike. Toa jeti ndogo, yaani kile kipande cha shaba chenye kitundu cha kupitisha mafuta, uiangalie kuelekea angani: unatakiwa kuona kitundu cha duara kamili. Usizibue kwa waya wa chuma. Uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme unatosha. Puliza dawa kwenye njia ya jeti hiyo, itokee kwenye tundu la skrubu na kwenye vitundu vidogo karibu na slaidi au kipepeo, yaani kile kizibo kinachofunguka ukivuta mafuta. Vaa miwani, dawa hurudi usoni.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kondoa: Fundi, naogopa petroli. Naweza kupima kwa maji?*

Kuogopa ni sahihi mkuu, lakini maji hapana. Ni mazito kuliko petroli, floti itaelea juu zaidi, pini itafunga mapema, utasoma kina cha chini kuliko cha kweli. Tena maji yanaozesha kabureta. Mafuta ya taa yana nafuu kwa kupima pini, ila kina kipime kwa petroli.

*Kutoka Nkuhungu: Mpira wa drip unafaa kusomea kina?*

Ni mwembamba, mafuta yanachelewa kutulia, na petroli inaukausha. Nunua mpira wa mafuta.

*Kutoka Chang'ombe: Pikipiki nimeitoa Dar. Plagi inakuwa nyeusi, ila kabureta imefaulu vipimo vyote.*

Angalia chujio la hewa kwanza. Likiwa safi, kumbuka Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni pungufu kwa takribani asilimia 10, wakati jeti zinamwaga mafuta yaleyale ya Dar. Skrubu ikiwa upande wa chujio inarekebisha hewa, ifungue kidogo. Ikiwa upande wa injini inarekebisha mafuta, ikaze kidogo. Fanya robo mzunguko kwa mara moja, injini ikiwa ya moto. Skrubu hiyo inatawala sailensi na mwendo mdogo tu. Plagi ikiendelea kuwa nyeusi kwa mwendo wa kasi, jaribu jeti kubwa yenye namba moja chini.

*Kutoka Mpwapwa: Floti yangu ni ya plastiki tupu, haina ulimi wa chuma wa kupinda.*

Usiipashe moto wala kuilazimisha, kaka. Itikise sikioni. Ukisikia mafuta ndani, imetoboka na itazama, nunua nyingine. Ikiwa kavu na kina bado si chake, badilisha pini, kisha upime upya.