Midoli ya plastiki isigeuke manjano kabatini

Kwa wanaopanga midoli kabatini ukumbini, hasa fleti za Michenzani, Zanzibar, ambazo dirisha linapigwa na jua la jioni: bandika tinti ya kuzuia UV (miale ya jua isiyoonekana) kwenye kioo cha dirisha, ile ile wanayobandika vioo vya gari. Kioo kitupu kinapunguza UV kali tu, lakini aina nyingine, UVA, inapita sehemu kubwa na ndo inayovunja plastiki ya ABS (LEGO ni hiyo hiyo), nyeupe na kijivu zinaonesha mwanzo. Lakini ulizia kabisa inazuia UV asilimia ngapi, chukua ya 99, maana weusi wa tinti si kipimo, ipo ya weupe kabisa inazuia na ipo nyeusi tititi inazuia kidogo. Taa ndani ya kabati weka LED.

Tinti peke yake haitoshi kama kabati lina joto, plastiki inageuka manjano hata gizani polepole, na midoli laini ya PVC ikifungiwa kwenye joto inatoa mafuta inanata, hiyo achia mlango upenyo hewa ipite. Na iliyokwishageuka hairudi kwa tinti.