Kuchagua mbwa wa nyumbani kwa mtoto mwenye usonji, hatua kwa hatua

Wazazi wengi wanaonitafuta huanza na jina: "Mwalimu, tununue Labrador?" Mimi nafunza mbwa hapa Nairobi, na jina hilo huwa naliweka kando kwanza. Aina ya mbwa hukuonyesha ukubwa wake, manyoya yake na nguvu zake. Haikwambii kama mbwa huyu mmoja, aliye mbele yako, atastahimili kelele za jioni mwanao anapozidiwa. Ninachokitafuta kabla ya vingine vyote ni mbwa anayeshtuka kisha akatulia upesi.

Hatua ya 1: Mjue mtoto kwa maandishi

Chukua daftari, kwa wiki moja au mbili uandike yanayomkera na yanayomtuliza. Huchomoka ghafla akiona lango liko wazi? Hukumbatia kwa nguvu, hufinya, huvuta nywele? Huziba masikio? Hupunga mikono na kurukaruka akifurahi? Hutia udongo mdomoni?

Kila jibu linafuta mbwa fulani. Anayeziba masikio atateseka na Beagle, mbwa mchangamfu lakini mwenye mlio mrefu unaofika mtaa wa pili. Asiyevumilia kitu kunata kwenye nguo atapata taabu na Labrador au Golden Retriever, ambao hupukutisha manyoya mwaka mzima. Anayekula udongo anahitaji ua ambao kinyesi cha mbwa huokotwa kila siku, kwa sababu mayai ya minyoo ya mbwa hubaki udongoni muda mrefu.

Kisha mpeleke akae karibu na mbwa mtulivu wa jirani au ndugu, mara kadhaa, bila kumlazimisha kugusa. Wapo watoto wasiotaka mbwa kabisa: harufu, mate, pumzi ya moto usoni. Huyo usimnunulie. Mbwa si dawa ya usonji, na mtoto halazimiki kumpenda.

Kwa familia za Kiislamu zinazofuata madhehebu ya Shafi, kama zilivyo nyingi za Pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtoto asiyeelewa kwa nini anaoshwa na kubadilishwa nguo kila mara ataonewa bure. Paka atawafaa zaidi.

Hatua ya 2: Amueni mbwa ana kazi gani

Hapa ndipo ninapobishana na akina baba. Wanataka mbwa mmoja alinde usiku na acheze na mtoto mchana. Mbwa wa ulinzi hufunzwa kushuku yasiyo ya kawaida: mtu anayekimbia, anayepiga kelele, anayejitokeza ghafla. Hebu isome tena hiyo orodha ukimfikiria mwanao. Na nyumba yenye mtoto mwenye usonji hupokea wageni wengi, mtaalamu wa tiba ya kuongea leo, mwalimu kesho. Mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa saa nne za usiku hajifunzi kuishi na watu, anajifunza lango tu. Kama mnahitaji ulinzi, tafuteni askari au mbwa wa pili.

Amueni pia mtu mzima mmoja atakayewajibika kwa chakula, matembezi na usafi. Kumwachia dada wa kazi bila kumuuliza kama anaogopa mbwa ni njia ya kuwapoteza wote wawili.

Jambo jingine ni zile video za mtandaoni za mtoto aliyefungwa mkanda kwa mbwa ili asichomoke. Huko Kanada shirika la National Service Dogs limekuwa likiwaandaa mbwa wa watoto wenye usonji tangu miaka ya 1990. Mbwa hao huchujwa na kufunzwa kwa muda mrefu, na kamba hushikwa na mzazi. Usijaribu na mbwa wa kawaida. Akimwona paka ng'ambo ya barabara, mtoto ataburutwa.

Hatua ya 3: Sasa ndiyo aina

Labrador na Golden Retriever wana sifa waliyoistahili: wanapenda watu na hawanuni wakiguswaguswa. Lakini aliyekomaa kati yao hufika kilo 30 na zaidi, na miaka miwili ya kwanza Labrador hukuangusha kwa furaha tu. Wote wawili husumbuliwa na nyonga, kwa hiyo muulize mfugaji kama wazazi walipigwa picha ya eksirei. Poodle mkubwa hapukutishi sana manyoya na ni mwepesi kufundishika, ila lazima anyolewe mara kwa mara. Cavalier ni mdogo na mpole mno, lakini magonjwa ya moyo yamejaa kwenye ukoo wake. Border Collie alizalishwa kuchunga kondoo. Mtoto anayekimbia huku na huko atakimbizwa na kudonolewa visigino. German Shepherd, ambaye huku kwetu yuko kila mtaa, namkubali pale tu nilipowaona wazazi wake wakipokea wageni kwa utulivu. Husky, mbwa wa nchi za theluji, kumfuga kwenye joto la Mombasa sitakuzungumzia.

Anayesahauliwa ni mbwa wa kienyeji au chotara. Anastahimili joto na mara nyingi ana umbo la wastani. Vituo vya kutunza wanyama kama KSPCA kule Karen, Nairobi, au Mbwa wa Africa huko Usa River, Arusha, hutafutia mbwa kama hao makao mapya, na wahudumu huwajua mmoja mmoja. Omba aliyefikisha miaka miwili au zaidi. Tabia yake imeshakaa, unaiona. Mtoto wa mbwa, kwa upande wake, huuma kila kitu kwa meno makali kama sindano mpaka anapokaribia miezi sita, na haelewi kwa nini analiliwa.

Hatua ya 4: Mjaribu mbwa kabla mtoto hajamwona

Nenda mara mbili, mara ya kwanza bila mtoto. Angusha mfuniko wa sufuria hatua kumi kutoka alipo. Kushtuka si kosa. Mtazame baadaye: akirudi kuunusa mfuniko ndani ya muda mfupi, endelea. Akijificha asitoke, au akibweka asinyamaze, mshukuru mwenye mbwa uondoke, hata kama ana sura ya malaika.

Kisha mguse masikio, makucha na mkia, polepole. Akiwa anakula, pita karibu udondoshe kipande cha nyama bakulini, usimnyang'anye. Halafu fanya anavyofanya mwanao: punga mikono, rukaruka, vuma. Watu watakucheka, acha wacheke. Ukiona anageuza kichwa, anapiga miayo bila usingizi, analamba midomo, anaonyesha weupe wa macho au anakakamaa, anakuomba uache. Mkia unaotikisika juu huku mwili umekaza si furaha.

Hatua ya 5: Daktari wa mifugo

Dai kadi ya chanjo, uisome mwenyewe. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kadiri daktari atakavyopanga, mara nyingi kila mwaka. Weka ratiba ya dawa ya minyoo na ya kupe. Mtoto asiyeongea huenda asikwambie amekwaruzwa, hivyo mkague anapooga. Jeraha la meno lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi ya mbwa imejaa mihuri.

Hatua ya 6: Wiki za kwanza

Kabla mbwa hajafika, mtengenezee pahali ambapo mtoto haingii kamwe: chumba chenye geti fupi, au kona iliyozibwa. Weka picha ukutani: mbwa amelala, mkono umekatazwa, mbwa anakula, mkono umekatazwa. Watoto wengi wenye usonji hushika kanuni ya picha kuliko maneno yetu. Wawe pamoja kwa dakika chache kila siku, mtu mzima akiwa amekaa katikati, si jikoni. Mtoto akianza kuzidiwa, anayeondolewa ni mbwa. Na mbwa akinguruma usimpige. Mbwa aliyefundishwa kunyamaza huuma bila onyo.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji au kituo kukubali kwa maandishi kumpokea mbwa akirudishwa ndani ya miezi mitatu. Akikataa, nenda kwa mwingine.