Somo: Jua mteja anataka nini kabla hujafunga masala

Wengi wameniuliza kuhusu kufunga masala ya pilau na kuuza. Kabla ya lebo na vikopo, fanya haya.

Hatua ya 1: Usiulize "utanunua?" Watu wa Mombasa tuna adabu zetu. Ukimwonjesha mtu atakwambia "mashallah, tamu," na humwoni tena. Muulize alichokwisha kufanya: mara ya mwisho kupika pilau ilikuwa lini? Masala alinunua wapi, ya pesa ngapi, na yaliyobaki yako wapi?

Hatua ya 2: Nenda ukaangalie. Hapa ndipo penye kazi. Simama Marikiti, soko la viungo hapa Mombasa, karibu na mashine ya kusagia. Mama anachagua jira, mdalasini, iliki na pilipili manga, ananusa, anatafuna punje ya iliki, kisha anasimama pale pale mpaka unga utoke. Simu ikilia, anaipokea hapo hapo. Ukimuuliza kwa upole anangoja nini: "Nikiondoka watanichanganyia." Basi wewe ulidhani unashindana na pakiti za supamaketi, kumbe unashindana na macho yake! Picha ya sinia ya pilau kwenye lebo haimwondolei wasiwasi huo. Pengine kinachomfaa ni viungo vizima ndani ya kikopo kinachoonyesha kilichomo, vimepimwa kwa kilo moja ya mchele, akasage mwenyewe.

Hatua ya 3: Wakitumia kitu chako kivyao, wafuate. M-Pesa ilipojaribiwa 2005 ilikusudiwa wakopaji walipie mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, tangazo likawa la kutuma pesa nyumbani.

Hatua ya 4: Omba oda. Pakiti mbili tu, zilipiwe kabla. Sifa usizihesabu kuwa mauzo.

Maswali

*Likoni: Niulize watu wangapi?*
Mpaka majibu yaanze kujirudia. Ila mama wa nyumbani na mpishi wa harusi usiwatie kapu moja. Mpishi ananunua kwa kilo na ana mchanganyiko wake. Ukijaribu kuwaridhisha wote wawili utapata kitu kisichomfaa yeyote.

*Kisauni: Kila mtu asema ni ghali. Nishushe bei?*
Ngoja kwanza, dada. Uliza aliyo nayo jikoni alinunua ya pesa ngapi. Anayenunua mafuta ya kupima hatoi pesa ya masala ya mwezi mzima kwa mkupuo, hata yakiwa rahisi. Punguza kipimo kabla ya kugusa faida yako.

*Kibokoni: Nimeshachapisha lebo nyingi, zina picha ya sinia. Sasa?*
Ziweke, shekhe. Usizibandike kwa kuwa tu umezilipia. Uzia majirani vikopo vichache bila lebo, uone nani atarudi kununua cha pili, na umuulize kilichomrudisha.